Jinsi ya kupiga picha na kuhoji wanajazi wa Kisumu bila kungoja wapande steji

Mwaka wa kwanza nikiwa na kamera nilikuwa naenda Kondele usiku, nasimama mbele ya steji kama kila mtu, napiga mpaka betri inakufa, asubuhi naamka na picha mia nne za watu wenye uso mwekundu. Au wa kijani. Maiki imeziba mdomo, stendi imepita katikati ya gita, na huko nyuma kuna bango la bia. Nilifuta karibu zote. Ile moja niliyobakisha hata si ya steji, ni ya mpiga bezi ameketi kwa kreti nje ya mlango wa jikoni, anakula ugali na omena kabla shoo haijaanza, amekunja mikono ya shati, na vile anavyomega ugali unaona tu hivi ni vidole vya mtu wa nyuzi. Tangu hapo steji nimeifanya kuwa mwisho wa kazi, na haya nitakayowaambia ni ya hizo saa zingine zote ambazo mwanamuziki haimbi.

Kwanza tuelewane kuhusu hilo neno jazi. Kuna jamaa alikuja kutoka Nairobi akataka nimpeleke "mahali kuna jazz", nikampeleka kwa mzee mmoja wa solo, lile gita linaloongoza, huku Manyatta, akanivuta kando akaniuliza saksafoni iko wapi. Mazee, huku kwetu jazi ni bendi. Shirati Jazz ya D.O. Misiani, Victoria Jazz ya kina Ochieng Nelly na Collela Mazee, C.K. Jazz ya George Ramogi, ukienda Kisii ni Riakimai 91 Jazz ya Christopher Monyoncho, na zote hizo ni magita. Jina lilikuwa la fasheni Afrika Mashariki na Kongo nzima, Franco na wenzake walijiita OK Jazz tangu 1956 na muziki wao ulikuwa rumba. Kwa hivyo ukimwendea mpiga benga, ule muziki wa magita wa huku kwetu, na maswali uliyosoma kwa vitabu vya jazi ya Marekani, atakujibu kwa adabu halafu aangalie saa. Muulize badala yake, pale waimbaji wananyamaza na gita linaachiwa njia, anajuaje ni saa yake ya kuingia, na bezi anamfuata nani, na ni nani anaamua wimbo uishe. Hapo weka chai kando kwa sababu utakaa. Wapiga saksafoni wa ile jazi ya hoteli pia wapo, mmoja namjua anapiga Ijumaa jioni kwa wageni na Jumatatu asubuhi yuko darasani na chaki, na nitakayosema hapa yanamhusu hata yeye.

Utawapata wapi

Usianzie kwa meneja wa baa. Meneja atakupa namba ya kiongozi wa bendi, na kiongozi ana hotuba yake ameizoea, ameitoa redioni mara kumi. Anzia kwa fundi wa ampulifaya. Yule jamaa aliye na kibanda kimejaa spika zilizopasuka anajua wanamuziki wote wa mji, anajua nani anapiga bendi gani wiki hii, nani ameacha pombe, nani ana deni lake. Wanaokodisha vyombo pia wanajua, na wauza nyuzi za gita. Mimi watu wangu watatu wa kwanza niliwapata kwa fundi mmoja upande wa Kibuye, nilienda kutengeneza redio ya mama.

Mchana wanafanya kazi kama wewe. Kuna wa boda, kuna kinyozi, kuna fundi wa kushona, kuna aliye na shamba Ahero anakuja mjini Ijumaa tu, kuna mama mwimbaji anayeuza samaki Dunga na ukimwita mwanamuziki mbele ya wateja anacheka mpaka anashika ukuta. Hiyo kazi ya mchana ndiyo unataka. Si kwa huruma, tafadhali, ile picha ya "msanii maskini" tumeiona na inachosha. Ni kwa sababu mikono ni ileile. Angalia fundi wa redio ambaye ni mpiga solo akiwa anashika waya mwembamba kwa kucha, halafu jioni uangalie anavyovuta uzi wa kwanza. Ukipata hizo picha mbili zikae pamoja, umeshasema jambo na hujaandika hata neno.

Siku ya kwanza acha kamera nyumbani

Najua inauma. Lakini siku ya kwanza nenda mikono mitupu, asubuhi, mwambie "oyaore jaduong'", yaani habari ya asubuhi mzee, kama ni mzee, keti pale utakapoonyeshwa. Kabla hujauliza swali lako lolote utaulizwa wewe ni wa wapi, na hawaulizi kukuchunguza, ni namna ya kukuweka mahali. Jibu vizuri, kwenu ni wapi, baba ni nani, mama ametoka wapi. Kama si Mjaluo sema tu, mimi mama yangu ni wa Vihiga na hilo limenisaidia kuliko lenzi yoyote, manake mazungumzo yanaanza na utani wa Waluhya na chai na kuku yanaisha kwa gita. Ukiwa Kakamega au Bungoma au Kisii mambo ni hayohayo, badilisha salamu tu, na kama huijui lugha omba ufundishwe hiyo salamu pale pale.

Siku hiyo sema wazi unataka nini, picha zitaenda wapi, na kama kuna pesa. Mambo ya pesa watu wanayaogopa wanayaacha mpaka mwisho, na hapo ndipo ugomvi unatokea. Msimamo wangu ni huu, na wengine hawakubaliani nami: silipi mtu ili ajibu maswali, lakini siku niliyomtoa kwa kazi yake nalipa nauli na chakula cha mchana, na kama ni mtu wa boda nalipa zile saa alizonipa kwa bei ya siku ya kawaida. Namwambia mapema. Akisema hataki chini ya kiasi fulani, tunasalimiana naenda. Usimkasirikie, wengi wao wamepigwa picha na watu waliopotea nazo. Hata mimi nimeonja, kuna mwandaaji mmoja wa shoo aliweka picha yangu kwa bango la mji mzima, jina langu hakuna, la mpiga gita hakuna, na sisi wawili tuliliona bango tukiwa kwa matatu moja, tukaangaliana tu.

Ruhusa iwe kwa sauti. Washa rekoda mwanzoni, msomee siku na mahali, muulize kama anakubali kurekodiwa na kupigwa picha na unaweza kuzitumia wapi, ajibu mwenyewe. Inachukua nusu dakika. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na uso wa mtu na sauti yake zinaingia humo, na kwa watoto ni mzazi anayekubali, kwa hivyo ukienda nyumbani kwake na watoto wamejaa kwa dirisha usiwaweke mtandaoni hivi hivi kwa sababu wanapendeza.

Mwangaza

Hapa nitakaa kidogo, manake ndipo wengi wanaharibu.

Sisi tuko karibu kabisa na ikweta, ule mstari unapita pale Maseno, si mbali. Maana yake jua linapanda wima, linawaka juu ya kichwa, halafu linashuka wima na kuisha. Hatuna zile jioni ndefu za dhahabu ambazo wazungu wanaongelea kwa video zao. Asubuhi linatoka kama saa kumi na mbili na nusu, na ikifika saa tatu limeshakuwa kali. Jioni una kuanzia saa kumi na moja mpaka jua lizame karibu saa moja kasorobo, na likizama unabaki na kama dakika ishirini za mwanga laini, basi giza. Na hili wengi hawalijui, hapa Kisumu jua halifiki juu kabisa saa sita kamili, ni kama saa sita na dakika arobaini, kwa sababu saa zetu zinafuata mstari wa nyuzi 45 mashariki, ule unaopita karibu na Mogadishu, na sisi tuko magharibi zaidi. Kwa hivyo ukijidanganya eti saa saba jua limeanza kulala, bado liko utosini, na macho ya mzee yatakuwa mashimo mawili meusi chini ya kofia.

Saa hizo ingia ndani. Chumba chenye mlango mmoja umefunguliwa ni studio ya bure. Muweke hatua moja au mbili ndani ya mlango, mwanga umjie kwa ubavu, wewe simama upande wa giza. Kuta za mabati zinasaidia pia, mabati mapya ya upande wa pili wa njia yanarudisha mwanga kwa uso kama mtu ameshika kioo, lakini usimsimamishe mbele ya hayo mabati yenyewe. Na ngozi zetu, hapa kamera inachanganyikiwa. Mtu mweusi akiwa mbele ya ukuta mweupe au anga, kamera inaona mwanga mwingi inapunguza, uso unakuwa kivuli. Mtu huyohuyo akijaza fremu ndani ya chumba cha giza, inafikiri hakuna mwanga inaongeza, anatoka kijivu kama amepakwa majivu. Pima kwa uso. Kwa simu, gusa uso kwa kioo cha simu ushikilie mpaka ijifunge hapo, halafu vuta kile kijua kidogo juu au chini mpaka ngozi ifanane na unayoiona kwa macho. Na kabla ya yote futa lenzi ya simu, nusu ya picha zenye ukungu ninazotumiwa ni mafuta ya mandazi.

Simu inatosha, kwa njia. Usitumie zumu ya kuvuta kwa vidole, tembea. Kama una kamera, lenzi ya milimita 50 ya f/1.8 ndiyo bei nafuu na ndiyo nimefanyia kazi karibu zote. Flashi sahau, nyumba nyingi ni ndogo na itagonga ukuta, mabati na miwani yake kwa pamoja.

Vidole vinakimbia kuliko unavyofikiri. Mpiga solo wa benga ukimpiga kwa kasi ya shata ya 1/60 ya sekunde unapata mkono wenye moshi, panda hadi 1/250 au zaidi, ongeza ISO, ile inayoifanya kamera ihisi mwanga zaidi, punje kidogo kwa picha si dhambi. Wakati mwingine huo moshi ndio unautaka, basi shuka 1/30, muombe akae wima na mkono tu ndio ucheze. Usiku chini ya taa za LED kuna tatizo lingine, umeme wetu ni wa 50 Hz na taa nyingi za bei rahisi zinapepesa mara 100 kwa sekunde, macho hayaoni lakini kamera inaona, unapata michirizi mieusi imekata picha. Weka 1/50 au 1/100 inapotea, au inapungua sana.

Piga nini sasa

Usimwambie ashike gita akae mbele ya ziwa. Mzee mmoja niliyemwomba hivyo aliniuliza, "sasa hapa nawapigia samaki?" Akashika, lakini ile sura hata leo siwezi kuitazama.

Mfuate tu. Gita likiwa ndani ya gunia kwa boda, limefungwa na mpira wa tyubu. Gita limetundikwa ukutani katikati ya kalenda ya kanisa na picha ya marehemu baba. Daftari la nyimbo, lile la shule la kurasa 96, lenye maneno yamekatwa na kuandikwa upya, hilo ni dhahabu. Mke wake akisikiliza kwa uso wa mtu aliyeusikia wimbo huo mara elfu. Ncha za vidole zilivyo ngumu, hapa sogea karibu kabisa na mwanga utoke kando ndio ile sugu ionekane. Na ukae. Dakika arobaini za kwanza atakuwa anajua uko hapo, tumbo limevutwa ndani, baadaye mteja anakuja, simu inalia, anasahau, na hapo ndipo picha zinaanza.

Kila ala ina mahali pake pa kusimama. Mpiga nyatiti, kile kinubi cha Wajaluo, anakaa chini, kwa kigoda kifupi, nyuzi nane, na kwa kidole gumba cha mguu amevaa pete ya chuma, oduong'o, anagonga nayo mwili wa ala, huku gara, zile njuga, zinalia mguuni. Ukipiga umesimama umepata kipara na kofia. Lala chini, lenzi ifike usawa wa kile kidole, halafu uone. Orutu, lile zeze, ina uzi mmoja na upinde, hiyo inataka ubavuni, ili upinde ukate fremu. Litungu ya Wabukusu nayo iko kwa familia ya nyatiti lakini mkao si uleule, usichanganye majina mbele ya wenyewe, mimi nilichanganya na nikapewa somo la saa nzima. Upande wa Kisa na Butsotso kuna wazee wa omutibo, ule mtindo wa George Mukabi, kidole gumba kinatembea na bezi na cha shahada kinaimba juu, na kando kuna mtu anakwaruza chupa ya Fanta kwa chuma. Piga hiyo chupa! Kila mtu anapiga gita. Ngoma za isukuti za Isukha na Idakho, zile UNESCO iliziweka kwa orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka mwaka 2014, hizo hazikai, zinatembea na watu, kwa hivyo tembea kinyumenyume mbele yao na uwe na rafiki wa kukushika ukanda usianguke kwa mtaro.

Matanga ni mahali pa kazi kwa wanamuziki wengi huku, na kuna picha nzuri sana, lakini hapo bendi si yenye ruhusa. Ruhusa ni ya wenye msiba. Tafuta mjomba au yeyote anayesimamia mipango, umuulize kwa sauti ya chini, na jeneza uliache.

Kuhoji

Maiki kwanza. Sauti mbaya huwezi kuiokoa, picha mbaya unaweza kuikata. Kama huna maiki ya kubana kwa shati tumia simu ya pili, ilaze kwa kitambaa juu ya meza, karibu na kifua chake, kama shubiri moja na nusu, na uiweke kwa hali ya ndegeni. Niliwahi kupoteza habari nzuri kabisa ya safari ya bendi kwenda kurekodi kwa sababu dada yangu alipiga simu kuuliza kama nimenunua sukari. Zima feni. Zima redio, na muombe jirani azime yake, mwenyewe uende, usimtume mtoto. Mvua ikianza kugonga mabati simamisha, hakuna mtu atasikia kitu, na huku mvua inapenda kuja mchana baada ya saa nane, Kakamega ndiyo usiseme, kwa hivyo mahojiano weka asubuhi. Rekodi kwa WAV, ile faili ya sauti isiyobanwa, kama simu inaruhusu, saa moja ya 48 kHz biti 24 stereo inakula karibu GB moja, angalia nafasi kabla. Na kabla ya kuondoka rekodi dakika moja ya mahali penyewe bila mtu kuongea, kuku, boda, cherehani, utashukuru ukianza kukata na kuunganisha.

Lugha iwe yake. Ukimlazimisha Kiswahili sanifu atakupa majibu ya mkutano wa chifu. Aanze kwa Dholuo, aruke Kiswahili, atupe Kiingereza cha miaka ya shule, poa, utatafuta mtu wa kutafsiri baadaye na awe mtu anayejua muziki. Mtafsiri wangu wa kwanza alikuwa kijana msomi sana lakini pakruok aliniandikia "kelele za mashabiki". Yaani ile kujisifu na kusifiwa, mtu anasimamisha wimbo, anatoa pesa, anatajwa yeye na kwao na rafiki zake, hiyo ni nusu ya uchumi wa bendi na yeye ameifanya kelele.

Swali la kwanza lisiwe "ulizaliwa lini". Mimi huuliza gita la kwanza lilikuwa la nini. Karibu kila mzee ana hadithi ya galoni ya mafuta na waya za breki za baiskeli, na baiskeli ilikuwa ya nani, na alichapwaje. Anacheka, mabega yanashuka, na kutoka hapo anaenda mwenyewe, nani alimfunza, bendi ya kwanza, nani alimwibia mpenzi. Akiwa na gita karibu usimwambie "tupigie wimbo", mwambie akuonyeshe tofauti, kwa mfano vile gita la solo linafuata nyatiti, au vile walikuwa wanapiga wakati ule na vile vijana wanapiga sasa. Kuonyesha ni rahisi kuliko kueleza, na wewe unapata sauti na picha kwa mpigo mmoja.

Nyamaza. Hili nimelipata kwa shida kwa sababu mimi mdomo wangu hauna breki. Akimaliza jibu hesabu mpaka tano kabla ya swali lingine, mara nyingi ile ya maana inakuja kwa nne. Na utafika mahali anaanza kutaja wenzake wa bendi, na kila jina linafuatwa na "huyo alienda". Andika majina, usiulize alikufa na nini. Akitaka atasema.

Miaka atachanganya, usimkosoe. Sema "jaduong', kuna santuri zozote umebaki nazo?" Zile sahani ndogo za 45 zina karatasi katikati yenye jina la mtunzi, jina la bendi na namba ya santuri, na mara nyingi hapo mambo yanajipanga yenyewe. Zipige picha pande zote mbili, kivulini, bila flashi, kamera ikiwa sambamba kabisa na meza. Picha za zamani pia hivyohivyo, na ugeuze nyuma kwa sababu tarehe na jina la studio viko nyuma. Usiombe kwenda nazo, hata kwa siku moja, hata akikubali. Piga hapo hapo umrudishie mkononi.

Akianza kutaja nani alikula pesa zake za rekodi, na ataanza, sikiliza yote, lakini usikimbilie kuweka jina la mtu hadharani kwa maneno ya upande mmoja. Uliza kama kuna karatasi yoyote. Mara nyingi hakuna, na hiyo yenyewe ni habari, kwamba walilipwa mkononi mara moja wakaenda.

Sasa steji

Baada ya hayo yote ndio nenda usiku. Utaona tofauti, manake hata yeye akikuona hakazi uso. Usisimame mbele. Nenda upande wa drami, au nyuma yao kabisa, upige migongo na watu wanaocheza, weka pamba masikioni maana hizo spika hazina huruma. Taa ikiwa nyekundu tupu geuza picha iwe nyeusi na nyeupe, uso unarudi. Na usiwe na haraka, wimbo wa benga ni mrefu, acha mashairi yapite, ngoja pale sauti zinakatika na magita yanabaki peke yake, hapo vichwa vinainama na mtu hakumbuki kamera. Yule tajiri wa pakruok atataka apigwe picha pia akiwa ameshika noti. Mpige, muonyeshe, ataridhika na atakulinda usiku mzima.

Ukifika nyumbani hamisha kila kitu kabla ya kulala, nakala mbili, moja isikae nyumba moja na kompyuta. Faili ipe tarehe, mahali na jina la mtu, usiiache ikiitwa IMG na namba.

Halafu safisha picha za karatasi, tatu nne tu, umpelekee. WhatsApp haihesabiki, simu zinaibwa, zinaanguka kwa choo. Peleka mchana, kazini kwake, na usome maelezo ya picha mbele yake kabla hujayatoa popote. Yule wa bezi wa Kondele nilimpelekea ile yake ya kreti na ugali, nilikuwa nimeandika chini "mpiga bezi akipumzika kabla ya shoo". Aliisoma pole pole, akaomba kalamu, akakata "akipumzika" akaandika "akingojea kulipwa ya wiki iliyopita".